Kuingia zamu ya mlipuko na kurudi nyumbani salama: mwongozo kwa madaktari na wauguzi wa Pemba

Mlipuko wa maradhi unapotangazwa, macho ya watu wote humwelekea mgonjwa, na ndivyo inavyopasa. Mwongozo huu unamwangalia mtu wa pili katika chumba kile kile, yaani daktari, muuguzi na mhudumu wa usafi, ambao hubaki kazini wakati wengine wameambiwa wakae majumbani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 watumishi wa afya wapatao 80,000 hadi 180,000 walifariki duniani kwa UVIKO-19. Wala hatuna haja ya kwenda mbali: tarehe 1 Oktoba 2022 daktari Mtanzania aliyekuwa masomoni Uganda alifariki kwa Ebola, na Machi 2023 maradhi ya virusi vya Marburg, ndugu wa Ebola, yalipozuka Kagera, miongoni mwa waliofariki alikuwemo mtumishi wa afya.

Katika zamu nilizozifanya, ya kipindupindu na ya korona, nimeona kwamba mtu akiwa kitandani pa mgonjwa huwa makini, kwa sababu anaogopa. Hatari humkuta baadaye, anapovua, anaposhika simu, anapokaa kula, anapopokelewa mkoba mlangoni kwake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kutoka wodini, na ile ya kuingia nimeifupisha kwa makusudi.

Jua mlango wa maradhi kabla hujavaa chochote

Swali la kwanza la kumuuliza Daktari Dhamana wa Wilaya au mkubwa wa kituo ni hili: maradhi haya yanaingia mwilini kwa mlango gani? Kipindupindu huingia kwa mdomo, kupitia maji, chakula na mikono iliyogusa kinyesi au matapishi. Huko silaha yako ni sabuni, glavu, aproni ya plastiki na mabuti, na barakoa si jambo la kwanza. UVIKO-19 husafiri kwa pumzi na matone ya kikohozi. Huko barakoa, madirisha yaliyo wazi na nafasi kati ya vitanda vina uzito kuliko mabuti. Ebola na Marburg huingia kwa kugusa damu, jasho, matapishi na majimaji mengine ya mwili, na hapo ngozi haipaswi kuonekana hata kidogo. Nimewahi kumkuta mwenzangu katika kambi ya kipindupindu akiwa na barakoa mbili usoni huku akishika ndoo ya matapishi kwa mikono mitupu. Hakuwa mzembe hata kidogo. Alifundishwa kwa ajili ya maradhi mengine, na hakuna aliyemweleza kwamba safari hii mlango ni mwengine.

Swali la pili ni la siku. Kipindupindu hujitokeza ndani ya saa chache hadi siku 5 baada ya kuambukizwa, UVIKO-19 hujitokeza ndani ya siku 2 hadi 14, na Ebola ndani ya siku 2 hadi 21. Ziandike siku hizo katika daftari lako, kwa sababu utazihitaji siku utakapoamka na kichwa kinakugonga.

Maji na klorini

Pemba bomba hukatika, na mlipuko hausubiri lirudi. Kabla ya zamu, hakikisheni tangi limejaa na kuna angalau mapipa mawili ya akiba yenye mifuniko. Wekeni ndoo zenye koki katika sehemu tatu: mlango wa kuingilia, mlango wa kutokea, na chooni. Maji yanayotiririka na sabuni, kwa muda wa sekunde 40 hadi 60, ndiyo yanayotangulia katika kunawa mikono. Vitakasa mikono vyenye spiriti hutosha iwapo mikono haina uchafu unaoonekana, na kwa kipindupindu mimi bado natanguliza sabuni.

Klorini inaharibiwa na haraka. Ikiwa mnatumia klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 70, gramu 7 katika lita moja ya maji hukupa mchanganyiko wa asilimia 0.5, ambao ni wa sakafu, ndoo za matapishi, mabuti na vitanda. Kwa ndoo ya lita 20 ni gramu 140, yaani vijiko 10 vya mezani vilivyosawazishwa kwa ukingo wa kisu. Ikiwa iliyopo ni jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5, chukua kipimo kimoja cha jiki na vipimo sita vya maji. Kwa meza, vitasa vya milango na vifaa vya wodi ya maradhi ya kifua, chukua kipimo kimoja cha ule mchanganyiko wa asilimia 0.5 uuongeze vipimo vinne vya maji, utapata asilimia 0.1. Andika nguvu ya mchanganyiko na saa ulipotengenezwa ubavuni mwa ndoo, kwa maandishi makubwa, na kila baada ya saa 24 umwage na utengeneze mwengine, kwa kuwa jua na joto letu huidhoofisha klorini haraka.

Jambo moja husahaulika sana: klorini haiui vijidudu vilivyofunikwa na uchafu. Ondoa uchafu kwanza, osha kwa maji na sabuni, suuza, ndipo upake klorini na uiache dakika 10 kabla ya kufuta. Usiichanganye na sabuni katika ndoo moja, wala na dawa za chooni zenye asidi, kwani hutoa hewa inayochoma mapafu. Wala usikubali mtu yeyote kupulizwa klorini mwilini akiingia au akitoka. Huumiza macho na ngozi, na virusi vilivyomo ndani ya mtu haviguswi.

Kuvaa, pamoja na mambo ambayo vitabu havikuyataja

Utaratibu wa kawaida wa wodi ya maradhi ya kupumua ni kunawa, gauni, barakoa, miwani ya kinga au ngao ya uso, na mwisho glavu zinazofunika mikono ya gauni. Picha za ukutani zinaonesha hayo vizuri. Hazioneshi ushungi, na wengi wa wauguzi wetu wanavaa ushungi.

Buibui na ushungi mrefu vibaki katika chumba safi, ndani ya mkoba wako uliofungwa. Ndani ya wodi vaa ushungi mfupi wa pamba ulioshonwa tayari, ule wa kuvaa kwa kichwa bila ya kufunga, na ncha zake uziingize ndani ya gauni shingoni. Pini usitumie kabisa. Pini hutoboa glavu, na wakati wa kuvua, vidole vyenye uchafu huenda vikachomwa na pini iliyo karibu na shingo. Ukingo wa ushungi usipite chini ya ukingo wa barakoa ya N95, yaani ile inayobana uso na kuchuja hewa, kwa sababu hata upana wa uzi hupitisha hewa. Mikanda ya barakoa ipite juu ya kitambaa, na uijaribu kwa kupumua kwa nguvu huku viganja vikizunguka pembeni. Ukihisi upepo machoni au mashavuni, haijakaa. Kila mmoja awe na ushungi wa wodi usiopungua mitatu, ili mmoja uvaliwe, mmoja uwe majini na mmoja uwe juani.

Kwa wanaume suala ni ndevu. Barakoa ya N95 haizibi juu ya ndevu, hata zikiwa fupi. Hili ni jambo la imani na la heshima ya mtu, na sikubaliani na mkubwa wa zamu anayemkemea mwenzake hadharani juu yake. Kaa naye faraghani, mweleze hewa inavyopita, na ikiwa hatazipunguza, mpange katika kazi zisizohitaji barakoa ya aina hiyo, kama mapokezi ya nje, dawa, au ufuatiliaji wa waliokutana na wagonjwa katika shehia. Kazi hizo ni za mstari wa mbele vile vile.

Wahudumu wa usafi wapewe glavu nzito za mpira na mabuti kabla ya daktari yeyote kupewa chochote. Wao ndio wanaobeba ndoo, na mara nyingi ndio wanaofikiriwa mwisho.

Kuvua

Tafuta mwenza. Hii ndiyo kanuni ninayoishika kuliko zote. Mtu asivue peke yake, hata awe bingwa, kwa sababu mtu aliyechoka hajui kwamba amechoka. Mwenza husimama upande safi, umbali wa hatua mbili, na kazi yake ni kusoma hatua moja moja kwa sauti na kumtazama anayevua mikono yake. Hashiki chochote. Anaposema “simama”, unasimama, hata kama ni mdogo wako kazini na wewe ni daktari wa miaka ishirini.

Vua glavu kwanza, moja kwa kuishika nje kwenye kifundo na kuipindua, ya pili kwa kupenyeza kidole kisafi upande wa ndani. Nawa. Fungua gauni kwa nyuma, ulivute kutoka mabegani likijipindua, upande mchafu ubaki ndani, ulikunje mbali na mwili na ulitie katika pipa. Nawa tena. Vua miwani au ngao kwa kushika mkanda wa nyuma. Nawa. Toka nje ya chumba, funga mlango, na hapo ndipo uvue barakoa: mkanda wa chini kwanza, kisha wa juu, ukiinama kidogo mbele ili ianguke mbali na uso. Usiguse sehemu yake ya mbele. Nawa mara ya mwisho. Katika kambi ya kipindupindu utaratibu ni mfupi zaidi, lakini mabuti yasafishwe kwa burashi na kukanyagishwa katika beseni la klorini kabla ya kuvuka mstari unaotenga upande mchafu na upande safi, na aproni ioshwe ikiwa bado mwilini.

Shughuli yote hii inataka dakika zisizopungua kumi. Ipangieni muda ndani ya zamu, si baada ya zamu. Zamu inayokwisha saa nane mchana, anayetoka aanze kuvua saa nane kasoro robo, na anayeingia awe ameshavaa.

Nataka nieleze kisa kimoja, kwa kuwa kilinibadilisha. Mwenzetu mmoja, muuguzi hodari, alivua kila kitu bila ya kosa hata moja baada ya zamu ya usiku. Nilikuwa mwenza wake, nilimsomea hatua zote. Alinawa, akashusha pumzi, kisha simu ikalia. Simu ilikuwa katika mfuko wa suruali yake, aliitumia ndani ya wodi kuangalia kipimo cha dawa ya mtoto, akiwa na glavu. Aliitoa, akaiweka shavuni, akaanza kuzungumza na mkewe. Nilimwona na sikusema neno, kwani akilini mwangu kazi ilikuwa imekwisha. Hakuumwa, tunamshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile simu haziingii. Kituo kiweke simu moja ya ndani, iliyotiwa katika mfuko wa plastiki mwangavu unaofutika, na haitoki mpaka mlipuko uishe. Kalamu nayo haitoki. Faili halitoki. Anayehudumu ndani asome majibu na vipimo kwa sauti dirishani, na wa nje aandike katika daftari safi.

Kula, kunywa na kufunga

Chumba cha kulia chai ndicho kilichonitia hofu zaidi mwaka 2020. Shirika la Afya Duniani lilitangaza korona kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi, Tanzania ikatangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 16, na siku chache baadaye yakawa yetu Zanzibar. Tulijikinga vizuri wodini, kisha tukakaa watu sita katika chumba kimoja kidogo, barakoa mezani, tukila kwa mazungumzo marefu. Kuleni kwa zamu, nje, chini ya mwembe au barazani, kila mtu na sahani yake. Sinia moja ina baraka zake, na siku zake zitarudi.

Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Aprili, mlipuko ukiwa umepamba moto. Mtu aliyefunga, ndani ya gauni la plastiki, katika joto la masika, hupoteza maji mengi kwa saa mbili tu. Mlizungumze hili na sheikh mnayemwamini kabla ya mwezi kuandama, mkimweleza kazi ilivyo kwa ukweli wote, ili kila mmoja ajue nafasi yake kisheria na asiamue peke yake akiwa kizunguzungu kimemshika. Kwa upande wa ratiba, wanaofunga wapangwe katika saa za mwanzo baada ya daku au za usiku baada ya futari. Mtu akianza kuona kiza, kutetemeka au kuacha kutoka jasho, mkubwa wa zamu amtoe mara moja. Akianguka ndani ya wodi, watu wawili zaidi watalazimika kumgusa.

Msiba ukitokea

Hapa ndipo daktari wa Pemba anapopimwa kweli, kwa sababu familia haikuja na mgonjwa tu, imekuja na jamaa, majirani na haki za maiti. Usiitume habari ya kifo kwa simu wala kwa mlinzi wa geti. Toka, nawa, vua barakoa mkiwa nje na mkiwa mbali mbali ili wauone uso wako, kaa chini kama wao walivyokaa, mtaje marehemu kwa jina lake, na utoe taazia kabla ya kutoa maelekezo. Nimeona maelekezo yale yale yakikataliwa kwa hasira kutoka kwa mtu aliyesimama, na yakikubaliwa kwa machozi kutoka kwa aliyekaa.

Kisha eleza kwa uwazi linalowezekana. Kwa kipindupindu na UVIKO-19, kuosha kunawezekana: waoshaji wawe wachache, wavae glavu, gauni na barakoa, na kwa kipindupindu mwili uoshwe kwa klorini ya asilimia 2, matundu yazibwe kwa pamba iliyoloweshwa klorini, na maji ya kuoshea yamwagwe katika shimo au choo, mbali na kisima. Wasiruhusiwe walioosha kwenda kupika chakula cha msiba siku ile. Kwa Ebola na Marburg mwili hauoshwi wala kuguswa na wasio na mafunzo. Timu iliyofundishwa hufanya mazishi, na utaratibu wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu tayamamu na sanda kwa maiti wa Kiislamu. Familia ikilijua hilo mapema hutulia, kwa kuwa hofu yao kubwa ni kwamba mtu wao atafukiwa bila ya haki yake. Imamu na sheha wawe wamekwisha kuelezwa haya yote wiki ya kwanza ya mlipuko, kabla ya jeneza la kwanza.

Kuingia nyumbani

Kwetu mtu anayerudi hupokelewa mzigo. Mtoto anakuja mbio, anachukua mkoba wa baba au mama, ndiyo adabu aliyofunzwa, na ni adabu nzuri. Kipindi cha mlipuko mfundishe adabu nyengine: asimame mlangoni, atoe shikamoo kwa mbali, akufungulie mlango wa uani. Mueleze sababu kwa lugha yake; mtoto wa miaka mitano anaelewa vizuri kuliko tunavyodhani.

Pitia uani. Viatu vya kazini vibaki nje. Nguo ulizovaa zitie katika ndoo ya maji ya moto na sabuni kabla ya kuingia ndani, oga kwa sabuni pamoja na nywele, ndipo uvae kanga au kikoi na kuingia. Simu na miwani uzifute. Ukiwa unaishi na mzee, au mtu mwenye kisukari, shinikizo la damu au pumu, omba kulala kwengine kwa muda wa zamu zako. Chumba cha uani chenye dirisha kinatosha, au nyumba ya watumishi. Kama hakuna, lala peke yako, dirisha wazi, na ule peke yako.

Majirani nao watakuogopa. Wapo watakaokatisha njia wakikuona, na wapo watakaowazuia watoto wao kucheza na wako. Inauma. Usiwajibu njiani, muombe sheha aje na bwana afya waseme na watu msikitini na skuli, kwa sababu maneno yao huonekana ya wote na yako huonekana ya kujitetea.

Ukijisikia vibaya

Pima joto lako mara mbili kila siku, asubuhi na jioni, na uliandike. Likifika nyuzi 37.5 au zaidi, au ukianza kukohoa, kuharisha, kutapika, au kuumwa na viungo bila ya sababu, usiende kazini ukajaribu kumaliza zamu kwa kuwaonea huruma wenzako. Usipande daladala. Mpigie simu mkubwa wa zamu, sema dalili zako na tarehe uliyoanza kuzihisi, kisha jitenge na usubiri kufuatwa. Chukua lile daftari lako, hesabu siku kurudi nyuma kwa kadiri ya maradhi yenyewe, na uandike kila uliyekaa naye: wa nyumbani, wa chumba cha chai, dereva wa bodaboda, aliyekuwa mwenza wako siku ya kuvua. Andika na namba zao za simu. Mpe karatasi hiyo mtu wa kwanza atakayekuja kukuchukua, na mkumbushe kwamba yule mwenza aangaliwe mwanzo.